Harage la Chupa ya Tatu

Shule iko nyuma ya soko la Mabibo, karibu kiasi kwamba upepo ukigeuka, harufu ya mananasi huingia darasani kabla ya mwalimu. Asubuhi, malori ya vitunguu yakiwa bado yanashushwa, watoto hukimbia mchakamchaka kuuzunguka uwanja wa mchanga, na vumbi lao hupanda taratibu likapata rangi ya chungwa kwenye jua changa. Ukiwatazama kutoka mbali huoni miguu. Unaona vichwa tu, vinaelea.

Salsabil wa darasa la nne alikuwa akikimbia wa mwisho, macho juu, akitazama vumbi linavyojikunja na kujikunjua. Leo lilikuwa limefanya mwanamke aliyebeba tenga kichwani. Mwanamke akageuka, tenga likamwagika, akawa hayupo.

"Mama Fiksi, angalia mbele utatuangusha!" Abdulhadi alimpigia kelele akimpita.

Jina hilo alilipata tangu darasa la pili na lilimganda kama sare iliyolowa. Fiksi ni uongo, ule wa kupiga stori, na Salsabil kweli alikuwa na stori. Alishasema kwamba punda wa sokoni humwomba radhi kuku akimkanyagia mahindi. Alishasema bomba la shule hunong'ona maji yakikatika. Hakuwa akitaka kumdanganya mtu. Aliona kitu, kitu hicho kikaendelea kidogo ndani ya kichwa chake, na alipofungua mdomo vikatoka vyote viwili vimeshikana mikono. Lakini siku aliposhikwa na homa ya kweli, kiranja alimwambia aache fiksi arudi kufagia eneo lake. Alifagia huku akitetemeka, akaanguka juu ya majani aliyoyakusanya.

Kwa hiyo kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka kuliko viatu vipya: aseme jambo, na aliyelisikia aamini.

Jumatatu hiyo, paredini, mwalimu mkuu, Mwalimu Gladness, alipanda juu ya kizingiti na kutangaza kwamba wiki hii ni ya sayansi na kazi za mikono. Kila darasa litatengeneza, litapanda, litasuka, na Ijumaa wazazi watakuja kuona.

"Na siku hiyo," alisema, "wa asubuhi na wa mchana mtakuja pamoja. Kwa mara moja mjuane sura."

Watoto wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Shule ile ina watoto wengi kuliko madawati, ndipo siku ikakatwa vipande viwili kama tikiti la sokoni, kipande cha asubuhi kwa hawa, kipande cha mchana kwa wale. Hawa wakitokea geti la mbele, wale wanaingilia geti la nyuma. Hata walimu ni wengine. Na hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto kama anatosheka na nusu ya jua.

Salsabil alikuwa akikaa dirishani, dawati la mwisho, na tangu mwaka uanze alijua kuwa hakai pale peke yake. Asubuhi alikuwa akikuta maganda ya karanga kwenye mtoto wa dawati. Siku moja alikuta ushanga wa bluu. Wiki iliyopita alichora samaki juu ya ubao wa dawati kwa kipande cha chaki, akamwacha, na asubuhi iliyofuata samaki alikuwa na miguu. Miwili, yenye viatu. Salsabil alikaa akiitazama miguu ile somo zima la hesabu. Alimwaza mtu wa mchana: mtu mwembamba aliyetengenezwa kwa mwanga uliobaki, anayeingia watu wakishaondoka, anakaa bila kelele, anatembeza samaki wake chumba kizima mpaka jioni.

Baada ya paredi, Mwalimu Venance aliingia na chupa tatu za plastiki zilizokatwa shingo, na ndoo ya mchanga. Alikuwa mwalimu wa sayansi, kijana, shati limechomekewa hadi unamhurumia kupumua. Akaligawa darasa vikundi, na alipofika kikundi cha maharage akasimama mbele ya Salsabil.

"Wewe utakuwa mtunzaji. Ijumaa utasimama na kipaza sauti uwaeleze wazazi."

"Huyu?" Abdulhadi alishtuka. "Mwalimu, huyu atasema maharage yameenda sokoni kununua maji!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Venance aliwaacha wacheke, halafu akainama kidogo.

"Salsabil, wewe una macho. Shida ni kwamba unaongeza chumvi. Wiki hii nataka useme ulichokiona tu, basi. Usitie chumvi."

"Hata kidogo, mwalimu?"

"Hata ya kuonja."

Wakajaza mchanga. Maharage alileta Salsabil mwenyewe, mekundu, kutoka gengeni kwa bibi yake. Waliyabana kwenye ukuta wa chupa ili yaonekane kwa nje. Chupa ya kwanza ilitiwa maji, ikawekwa dirishani. Ya pili ilitiwa maji, ikafunikwa kwa boksi. Ya tatu iliachwa kavu, mchanga mweupe kama unga wa sembe, nayo ikawekwa dirishani kando ya mwenzake.

"Hii hainyweshwi," Mwalimu alisema. "Ndiyo itakayotuonyesha kama harage linaweza kuota bila maji. Mtunzaji, hii iko mikononi mwako."

Salsabil akaitikia kwa kichwa. Moyo ulimdunda kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Alasiri, akitoka madrasa, alimkuta Bibi Rukaiya sokoni, amekaa nyuma ya mafungu yake akipepeta. Salsabil alimweleza yote. Bibi alisikiliza bila kuinua uso, vidole vikichagua mawe.

"Kipaza sauti? Wewe?"

"Mie, bibi."

"Haya. Nitavaa kanga zangu mpya nije nikae mbele." Akatupa jiwe. "Lakini usije ukasimama pale ukaniambia maharage yameimba kasida. Watu wa soko hili wananijua."

"Nitasema nilichokiona tu."

"Ewaa," alisema Bibi, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto ili mambo yaishe.

Jumanne ilikuwa siku ya ukili. Watoto walikaa chini barazani, miguu wameinyoosha, wakifundishwa kusuka majani ya mkindu, na kwenye kila paja kulikuwa na mkanda mwembamba uliokuwa ukirefuka taratibu. Upande wa pili darasa la sita walikuwa wakijaribu ngonjera yao, wakikosea mstari uleule, wakirudia, wakikosea tena, mpaka hata waliokuwa wakisuka wakawa wanaujua. Jua lilipita kwenye matundu ya matofali na kuchora vitone sakafuni. Salsabil alisuka kitone kimoja baada ya kingine, hivyo ndivyo alivyoona. Alipotanabahi, mkanda wake ulikuwa umepinda kama mto.

Wakati wa mapumziko alikwenda kuzitazama chupa. Kwenye ya kwanza, harage lilikuwa limevimba na ganda lake limekunjamana. Aliinua boksi kidogo, na la pili lilikuwa vilevile. La tatu alilitazama juujuu, akaona mchanga wake mweupe, akaridhika.

Jumatano asubuhi, harage la chupa ya kwanza lilikuwa limetoa mkia mweupe, mdogo kama ukucha wa mtoto. Kikundi kizima kilisongamana dirishani. Wakati wote wakiwa wanasukumana kuuona ule mkia, Shamimu, msichana mpole aliyekuwa akikaa dawati la mbele, alisema taratibu:

"Mbona na hili?"

Wakageuka. Kwenye chupa ya tatu, harage lilikuwa limepasuka ganda, na kwenye ufa kulikuwa na kitu cheupe kinachochungulia.

Nje mtu wa sokoni alikuwa akinadi machungwa. Salsabil alihisi darasa limepanda juu kidogo kutoka ardhini, madawati na vyote, na likabaki linaning'inia. Harage limeota bila maji. Limekaa katika ukame wake, likawasikia wenzake wakinywa, likafikiri, likafikiri...

"Labda lililia," alisema, "likanywa machozi yake."

Alijua kosa lake kabla hajamaliza kusema.

"Hee! Nyie! Mama Fiksi kaanza!" Abdulhadi aliichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga. Juu mchanga ulikuwa mkavu, mweupe. Lakini chini, kuzunguka harage, ulikuwa mweusi. "Machozi gani? Si huu hapa umelowa? Kaumwagilia huyu!"

"Sijamwagilia!"

"Nani mtunzaji?"

"Mie."

"Basi!"

Mwalimu Venance alikuja, akatazama, akatia kidole. Kidole kikatoka na mchanga wa maji. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Salsabil.

"Sema tu," alimwambia. "Ulitaka liote kama wenzake. Ulilionea huruma. Sema, tuendelee."

"Sikulimwagilia, mwalimu. Wallahi."

"Kwa hiyo ni machozi."

Darasa likacheka tena. Mwalimu hakucheka. "Una leo na kesho. Ijumaa asubuhi usiponiambia ukweli, atasimama Abdulhadi."

Jioni ile Salsabil alikaa gengeni bila kula. Bibi alimuuliza, akajibu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kwenye ungo.

"Hukumwagilia?"

"Sikumwagilia, bibi."

"Na hakuna mwingine aliyegusa?"

"Hakuna niliyemwona."

"Haya," alisema Bibi Rukaiya. "Ukisema hivyo." Akageuka kumpimia mteja.

Maneno hayo mawili yalimkaa Salsabil kooni. Si kwamba Bibi alimwita muongo. Bibi hajawahi. Ni kwamba aliyasema kama mtu anayefunga mlango taratibu ili usipige kelele. Salsabil alilala akiyasikia, na katika usingizi aliona chupa ya tatu iko katikati ya uwanja mtupu, kubwa kama tangi la maji, na mkono wa mtu asiye na mwili unaimiminia. Mkono ulikuwa na ushanga wa bluu.

Aliamka, na akawa anajua.

Alhamisi alikaa darasani akiisubiri saa ya kutoka kama mgonjwa. Chupa ya tatu ilikuwa imepata mkia, mfupi kuliko wenzake lakini mkia. Hakumwambia mtu kitu. Aende akaseme nini, kwamba ameota mkono?

Madrasa, katikati ya kisomo, aliinuka na juzuu lake kifuani.

"Ustadhi, naomba ruhusa."

Ustadhi Suleiman alishusha miwani. "Ya kwenda wapi?"

"Kumwona mtu anayekaa kwangu nikiwa sipo."

"Jini?" mtoto mmoja aliuliza kwa shauku, na jamvi zima likatikisika kwa kicheko. Ustadhi alimtazama Salsabil, akaona uso haukuwa wa mchezo.

"Nenda. Alasiri ikukute hapa."

Shule ya mchana ilikuwa shule nyingine. Vivuli vilikuwa vimehamia upande wa pili. Kwenye geti la nyuma kulikuwa na mlinzi asiyemjua. Sauti zilizotoka madarasani zilikuwa zilezile za kukariri, lakini si za watu anaowajua, na Salsabil akatembea kando ya ukuta kama mtu aliyeingia ndani ya ndoto ya nyumba yake mwenyewe, kila kitu ni chake na hakuna kinachomfahamu. Gurudumu la gari linalotumika kama kengele likagongwa, watoto wakamwagika nje kwa mapumziko. Alifika dirishani kwake, akashika nondo, akachungulia.

Kulikuwa na msichana mmoja tu ndani. Alikuwa amekaa pale pale, mrefu, shela imemshuka mabegani, jino moja la mbele halipo. Alifungua chupa yake ya maji ya kunywa, akamimina kwenye kifuniko, akakipeleka polepole mpaka chupa ya tatu, akamwaga. Akamimina tena. Mkononi hakuwa na ushanga wowote.

"We!" Salsabil alisema.

Msichana akaruka. "Toka huko! Dirisha si la kuchungulia watu!"

"Hapo ndo nakaa mie."

"Hapo nakaa mie."

"Asubuhi."

Msichana akamtazama juu mpaka chini, kanzu ya madrasa, juzuu, vumbi la miguu. Uso wake ukafunguka. "Kumbe we ndo wa samaki!"

"We ndo wa viatu!"

Wakatazamana kupitia nondo, wote wawili wamepigwa na butwaa. Salsabil alikuwa amemtarajia mtu wa mwanga. Huyu alikuwa na makombo ya kashata kidevuni.

"Mbona unalinywesha hilo?" Salsabil aliuliza hatimaye.

"Nyie wa asubuhi mna roho mbaya, ujue. Wenzake mnawapa maji, huyu mnamwacha. Tangu Jumatatu namwona kakauka tu. Nikawa nampa yangu, kifuniko kimoja kimoja, asishtuke."

"Ni jaribio! Linatakiwa likae na kiu."

"Kwani limefanya nini?"

Salsabil akalitazama lile harage kupitia nondo.

"Mwalimu wenu hakuwaambieni?" aliuliza.

"Katuambia tusivunje vya wa asubuhi. Nimevunja?"

Salsabil akamweleza: Abdulhadi, machozi, Ijumaa, kipaza sauti. Msichana alisikiliza huku uso ukibadilika.

"Sasa ukinisema, ntachapwa?"

"Sijui."

"Mie hapa nishachapwa Jumanne kwa kuchelewa." Alifunga chupa yake, akaifungua, akaifunga.

"Jina lako silitaji," Salsabil alisema. Hakuwa amepanga kulisema hilo. Lilitoka.

"Jina langu hulijui."

"Kwani unaitwa nani?"

"Hija."

"Mie Salsabil."

"Sasa si unalijua?" Hija akacheka, pengo likaonekana. Gurudumu likagongwa, watoto wakaanza kurudi, na Salsabil akaachia nondo.

Ijumaa uwanja uliamka na turubai. Viti vya plastiki vilipangwa, spika ikakohoa, ukili ukatundikwa kwenye kamba kama samaki wa kukausha. Watoto walikuwa wengi kiasi kwamba mchanga haukuonekana. Wa asubuhi walikaa upande mmoja, wa mchana upande wa pili, wakichunguzana kama ndugu walioonyeshwa picha tu.

Salsabil alimkuta Mwalimu Venance darasani, amechomekea upya.

"Shikamoo, mwalimu. Nimemwona aliyelimwagilia. Ni wa mchana."

"Marahaba. Anaitwa nani?"

Salsabil akainamisha macho.

"Anaitwa nani, Salsabil?"

"Nimemuahidi sitamtaja."

Mwalimu akatoa pumzi ndefu. "Kuna mtoto, hakuna aliyemwona ila wewe, na hana jina." Alisema bila ubaya, kwa uchovu. Salsabil akasikia mwenyewe jinsi ukweli wake ulivyofanana na fiksi zake zote, kama pacha.

Halafu akaiona meza. Chupa ya kwanza ilikuwa na shina la kijani, limeinamisha kichwa. Ya pili ilikuwa nje ya boksi. Ya tatu ilikuwa na mchanga mkavu mpaka chini na harage jekundu, zima, linalong'aa. Halikuwa na ufa wala mkia.

"Hili si langu."

"Ndilo la leo," alisema Mwalimu Venance, akipanga daftari lisilohitaji kupangwa. "Kuna wazazi, kuna Afisa Elimu wa kata. Sitaki wabishane juu ya nani kamwagilia nini. Utasema harage la tatu halikuota kwa sababu halikupata maji. Ni kweli, kitabu kimesema. Ukikubali, unasimama wewe. Hutaki, namwita Abdulhadi."

"Mwalimu si ulisema niseme nilichokiona?"

"Nilisema." Hakumtazama. "Unasimama au husimami?"

Kupitia dirisha Salsabil alimwona Bibi Rukaiya amekaa mstari wa mbele, kanga mpya, mikono juu ya mapaja, amejipanga kama anayesubiri hukumu. Ilikuwa rahisi. Maneno machache, yote ya kitabuni, na uwanja mzima ungemwamini. Bibi angerudi sokoni kichwa juu.

"Nitasimama," alisema.

Ngonjera ya darasa la sita ilipita, safari hii bila kukosea, na watoto wote waliosuka ukili wakausema ule mstari pamoja nao. Halafu meza ikatolewa nje, na Salsabil akapewa kipaza sauti, kizito, kina joto la mkono wa aliyetangulia.

"Chupa ya kwanza," sauti yake ikatoka kwenye spika, kubwa, ya mtu mwingine, "ilipata maji na mwanga. Harage limeota. Ni la kijani. Chupa ya pili ilipata maji, ikawekwa gizani. Limeota, ni refu, ni la njano kama mtu aliyetoka hospitali."

Wazazi wakacheka. Salsabil akasita.

"Hiyo ya hospitali nimeongeza. Ni refu na la njano."

Wakacheka zaidi, kwa upole. Akagusa chupa ya tatu. Uwanja ukawa kama unasogea mbali, vichwa vikielea, turubai likipumua juu yao. Alimtazama Bibi peke yake.

"Chupa hii siijui."

Spika ikapiga mluzi. Mwalimu Venance akasogea hatua moja.

"Chupa yangu ya tatu haikutakiwa kupata maji. Sikuimwagilia. Harage lake liliota Jumatano, nikaambiwa nimelimwagilia mimi. Kuna mtu alilipa maji. Alilipa ya kwake ya kunywa, kwa kifuniko. Nilimwona Alhamisi kwa macho yangu. Nimemuahidi sitamtaja, simtaji. Harage lenyewe halipo hapa mezani. Hii iliyopo, harage lake sikulilea mimi."

"Fiksi!" Abdulhadi alipaza sauti kutoka katikati ya wa asubuhi, na kicheko kikaanza kutambaa kutoka safu hadi safu. Mwalimu Gladness akainuka kwenye kiti chake. Bibi Rukaiya hakujitikisa. Salsabil alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, hakusema zaidi, kwa sababu zaidi ya hapo hakuna alichokiona.

Mwalimu Venance aligeuka akaingia darasani. Walisikia kabati likifunguliwa. Akatoka na chupa, akaiweka mezani mwenyewe, mbele ya wazazi. Harage lilikuwa limepauka kwa kukaa gizani usiku mzima, lakini shina lilikuwepo, limepinda kama kiwiko, limebeba ganda lake mgongoni.

"Ni kweli," alisema bila kipaza sauti, lakini waliokuwa mbele walisikia na kuwapelekea wa nyuma. "Niliibadilisha mimi. Mtoto amesema alichokiona."

Kicheko kikakatika. Na upande wa wa mchana, mtu alipanda juu ya benchi.

"Ni mie!" Hija alisema, shela imemshuka. "Hija, darasa la nne, mchana! Nilimpa maji mie! Alikuwa na kiu!"

Mama mmoja alianza, wengine wakafuata, uwanja mzima ukacheka, hata Afisa Elimu, hata mlinzi wa geti. Hija alibaki juu ya benchi, hajui kama ashuke, halafu pengo lake likaonekana.

Mwalimu Gladness alichukua kipaza sauti. "Hija, nani aliwaelezeni wa mchana kuhusu hili jaribio?"

"Hakuna, mwalimu."

Mwalimu mkuu akawageukia walimu wake, wa asubuhi upande huu, wa mchana upande ule, wamekaa mbalimbali kama watoto wao. "Chumba kimoja," alisema taratibu, "dirisha moja."

Afisa Elimu akamwinamia Salsabil. "Kwa hiyo binti, jaribio lenu limeharibika?"

Salsabil akafikiri. "Harage lisilopata maji kabisa hatujaliona, mheshimiwa. Hilo hatujui. Tumeona kwamba likipewa kifuniko kimoja kimoja, nalo huota. Linachelewa, lakini huota. Hilo tumeliona."

"Andikeni hivyo," alisema Afisa.

Baadaye watoto waliizunguka meza, wa asubuhi na wa mchana wamechanganyika, huwezi kuwatenganisha. Abdulhadi alimsukuma Hija. "Eti kweli ulitumia kifuniko?" Mwalimu Venance alipita nyuma yao, akasimama kwa Salsabil, akampa ile chupa ya tatu. "Mpelekee bibi yako," alisema. "Aone mwenyewe."

Waadhini walikuwa wameanza kuita Ijumaa waliposhika njia ya sokoni, Bibi Rukaiya mbele, Salsabil nyuma na chupa mikononi, akitembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Mchana ulikuwa mweupe. Maganda ya machungwa yalimeta njiani. Kisha Bibi alisimama kivulini, akainama, akalitazama lile shina lililopinda.

"Lilitoka usiku au mchana?" aliuliza.

Aliuliza jinsi anavyouliza bei ya gunia kwa mtu anayemwamini, akisubiri jibu ili alichukue kama lilivyo. Salsabil alilijua jibu zuri. Lilikuwa tayari kichwani, limekamilika: darasa tupu, mbalamwezi kwenye nondo, samaki wa chaki akishuka kwenye dawati na viatu vyake, akinyata mpaka dirishani, akigonga ganda kwa adabu.

"Hilo sikuliona, bibi," alisema.

Bibi akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara moja. Wakaendelea kutembea.

"Lakini nikuhadithie?"

Bibi Rukaiya alipunguza mwendo mpaka wakawa bega kwa bega, akaishika chupa kwa upande mmoja ili waibebe wote.

"Nihadithie," alisema.